Daktari wa Mara Tatu

12 Septemba

Daftari hili nimepewa niandike safari za gari la hospitali: tarehe, nilikokwenda, kilomita, niliyembeba. Nesi mkuu Raikan aliponikabidhi alinionya niandike safari tu, nisiandike hadithi. Nikamwambia sawa. Lakini mtu aliyeendesha gari katika milima hii miaka ishirini na tisa hawezi kuandika "kaenda, karudi" kama anayeandika habari za ng'ombe. Nimesoma hadi darasa la saba, na mwalimu wetu alikiri mbele ya watu kwamba insha zangu ni ndefu kuliko barabara ya kwenda mji wa Osh. Raikan husaini kila Ijumaa bila kusoma. Basi nitaandika nitakavyo.

Safari ya leo: Jalal-Abad na kurudi, kilomita mia moja na arobaini. Niliyembeba: daktari wa watoto, kaimu. Daktari Cholpon amekwenda kujifungua, hatarudi mpaka theluji ianguke, na ofisi ya mkoa imetupa mtu wa kushika nafasi yake msimu huu wa kuvuna jozi, zile njugu za mitini zenye ganda gumu. Mtu huyo ni Aijarkyn, binti wa dada yangu Burul. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Burul anasema siyo, lakini Burul siku hiyo alikuwa msituni anaokota jozi, angejuaje?

Ana miaka ishirini na saba na begi moja. Kazi yake ya kwanza hii. Njiani alikuwa kimya, nikaona nimchangamshe. Nikamsimulia jinsi dubu alivyopanda gari hili hili, tunaloliita Mkate kwa sababu ya umbo lake, akakaa kiti cha mbele mpaka tukavuka mto. Akaniuliza, "Mjomba, alikaa mbele?" Nikasema mbele. Baada ya kitambo akauliza, "Alikaa kitini kabisa?" Nikasema, naam, karibu na kiti. Tulipofika darajani akauliza mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya viazi, "Ulipomwona huyo dubu, wewe ulikuwa wapi na yeye alikuwa wapi?" Nikajisikia nikisema ng'ambo ya mto.

Ndivyo nilivyompoteza dubu niliyekuwa naye miaka kumi na tano.

13 Septemba

Nimebeba makaa ya mawe. Hakuna jingine.

17 Septemba

Watu wamekuja kumchungulia kaimu. Ugonjwa ulikuwa kisingizio, walitaka kumwona. Wa kwanza alikuwa Ayimkan, tuliyesoma naye darasa moja, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, mwenye ulimi wa kubangulia jozi. Alisimama mlangoni, akaitazama mikono ya Aijarkyn. Kwetu msimu huu mikono ya kila mtu ni myeusi kwa maji ya maganda mabichi, hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Ya Aijarkyn ni safi kama ya bibi harusi.

"Omurzak," akaniambia mimi, kana kwamba mwenyewe hayupo, "sisi tuliomba daktari. Mmetuletea tairi la akiba."

Nikamjibu kwamba mimi ni dereva na najua: tairi la akiba ndilo linalokurudisha nyumbani. Watu wakacheka. Nilimshinda, ingawa Raikan anadai waliocheka walikuwa wawili na mmoja alikuwa anapiga chafya.

Aijarkyn ana tabia ile ile. Kila jambo analiuliza mara tatu, kila mara kwa maneno mengine. Mtoto amekula nini? Jana jioni mlikula nini nyumbani? Na yeye alionja? Akina mama wanatoka wamechoka kama wametoka mahakamani. Wameshampa jina: Daktari wa Mara Tatu. Nilimuuliza kwa nini anajichongea. Akasema, "Mjomba, mara ya kwanza mtu hujibu ili aonekane mwema. Mara ya pili hujibu kwa sababu umemkera. Mara ya tatu ndipo anaanza kukumbuka."

Kisha akanieleza linalomnyima raha. Kaimu aliyetangulia, mwaka juzi, alikuwa mwoga. Kila mtoto aliyekohoa alimpeleka Osh. Baada ya mwezi wakamwondoa, na ofisi ya mkoa ikatoa barua: kaimu asipeleke mgonjwa Osh bila sababu inayoandikika.

20 Septemba

Msitu umefunguliwa. Kondoo wamechinjwa, dua imesomwa, na kijiji kizima kimehamia mitini na mahema, kuku na ng'ombe. Tumebaki sisi wa hospitali. Ukipita barabarani unaona nyumba baada ya nyumba, milango imefungwa, mabomba ya moshi hayana moshi. Unagonga, unasikiliza, hakuna wa kujibu. Hata mbwa wamehama.

21 Septemba

Kimya.

25 Septemba

Safari: kambi za juu, kilomita kumi na nane. Nilimbeba Aijarkyn na sanduku la chanjo. Kachanja watoto thelathini na mmoja, mimi nikiwashika miguu, na hakuna aliyenipiga teke isipokuwa mmoja, naye nilimruhusu.

Wakati yeye yuko hema la jirani, Ayimkan akaniita kwake. Mwanawe alikuwa juu ya mti anautikisa, mkwewe Sabira alikuwa amekwenda kuteka maji. Pale hemani alikuwepo mjukuu mdogo kuliko wote, Erbol, mtoto wa hao wawili, miaka miwili kasoro mwezi. Ukoo wao una desturi: kokwa ya kwanza ya jozi za mwaka huliwa na mtoto mdogo, na anayemlisha ni mgeni, ili nyumba isikose wageni wala shibe. Mgeni nilikuwa mimi.

Kumlisha mtoto kwa mkono ni kazi ya yeyote. Mimi hurusha. Askari wa mpakani niliwahi kumrushia kokwa mdomoni kutoka hatua kumi na mbili, na alikuwa anapiga miayo, hakujua. Kwa Erbol nilisimama hatua nne. Kakaa kinywa wazi kama kinda la ndege. Sita zikaingia moja kwa moja. Ayimkan, ambaye hajanisifu tangu darasa la tatu, alisema, "Haya, hilo unaliweza," akageukia birika lake lililokuwa linapiga kelele nje. Ya saba ilimkuta mtoto anacheka. Ikampalia kidogo, akakohoa, uso ukawa mwekundu, nikampiga mgongoni, ikaisha.

Saba kwa saba. Iandikwe.

30 Septemba

Mvua siku ya pili. Moshi umejaa mahemani na watoto wote wanakohoa. Kila mwaka ni hivyo, tunakiita kikohozi cha msitu.

2 Oktoba

Watoto kumi na wanne leo, wote kikohozi. Wa tisa alikuwa Erbol.

Sabira alisema ana siku saba anakohoa. Mafuta ya mkia wa kondoo ameshapakwa kifuani, ananukia kama pilau ya harusi. Aijarkyn alimsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, akarudi nyuma tena. Kisha akaanza. Je, amepaliwa na kitu? Sabira akasema hapana. Alipokuwa anakula au anacheza, kuna wakati alianza kukohoa ghafla? Sabira akasema watoto wote wanakohoa. Kuna siku ulimwacha kidogo na mtu mwingine? Hapo Ayimkan akachemka.

"Mwanangu, unatuhoji kama polisi. Nimelea watoto sita, na wajukuu sasa ni kumi na mmoja. Hiki ni kikohozi cha msitu. Andika dawa, tukaokote jozi zetu kabla nguruwe mwitu hawajazimaliza."

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya makaa. Nilimtazama Ayimkan nione kama anaficha. Hakuwa anaficha. Siku ile alikuwa amegeukia birika. Aliyeona ni mimi peke yangu.

Sikusema. Ile kokwa ilitoka. Nina hakika ilitoka. Nina karibu hakika.

Amelazwa, anachomwa sindano.

3 Oktoba

Erbol kacheza na kofia yangu asubuhi yote. Anapumua kama kawaida. Niliwaambia mimi.

4 Oktoba

Makaa. Mvua.

5 Oktoba

Homa imerudi.

Mchana Aijarkyn aliniita wodini. Ayimkan na Sabira walikuwa wamekwenda kula. Alinivisha masikioni kile chombo cha kusikilizia, akaniwekea upande wa kushoto wa mgongo wa Erbol. "Unasikia nini, Mjomba?" Nilisikia upepo unaingia na kutoka, na sauti ndogo ndogo ndani yake, kama nyumba yenye watu. Akakihamishia upande wa kulia. Nikangoja. Nikadhani chombo kimeharibika. Ilikuwa kama kusimama kwenye barabara yetu siku hizi na kugonga mlango ambao wenyewe wamehamia msituni.

Nikamwambia hivyo. Akasema, "Ndivyo hasa."

Amempiga mtoto picha ya kifua, lakini anasema kokwa haionekani pichani kama mfupa. Amempigia simu daktari mkubwa wa Osh, mwenye bomba lile jembamba lenye taa linaloweza kuingia kifuani. Nilikuwa naweka makaa kwenye jiko la ofisi yake, nikasikia upande wake wa mazungumzo. Yule mkubwa alimuuliza kama kuna mtu aliyemwona mtoto akipaliwa. Akasema hapana, amewauliza. Basi yule akamwambia huu ni msimu wa vichomi, amwendeleze na sindano siku tatu. Angekuwepo shahidi, angesema mlete leo hii.

Alikata simu, akakaa. "Moyo wangu unaniambia kuna kitu mle ndani," akasema. "Lakini moyo hauna nafasi kwenye fomu. Nikimpeleka bure, wamlaze usingizi bure, wapoteze wiki ya mavuno bure, nitakuwa kaimu wa pili aliyekimbilia Osh. Hapo hakuna mama atakayenijibu tena hata mara moja."

Nikamsimulia habari za pafu langu mimi, lililowahi kusimama siku nne jeshini. Hakucheka. Wala hakuniuliza, hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kama angeniuliza tu.

6 Oktoba

Mvua. Sikula.

7 Oktoba

Naandika nikiwa Osh, nimekaa ndani ya Mkate, nje ya hospitali kubwa. Nitaandika kama ilivyokuwa, sitaongeza.

Leo asubuhi niliingia wodini na makaa. Erbol alikuwa mapajani kwa mama yake. Pua zinapanuka kila pumzi, shimo la shingo linaingia ndani, midomo ina rangi ya zabibu. Mpira wa oksijeni puani. Aijarkyn amepiga magoti mbele yake. Ayimkan alikuwa anasoma dua.

Nilirudi garini. Nikafungua daftari hili, nijidai naandika kilomita. Nikasoma tarehe 25. *Saba kwa saba. Iandikwe.* Mwandiko wangu mwenyewe, na mstari nimepiga chini yake.

Watu husema mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya mtoto wa watu.

Mdomo wangu huu haujawahi kukosa neno, harusini wala matangani. Nilipofika mbele ya Aijarkyn ulikauka kama ganda. Nikampa daftari limefunguliwa pale, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma amesimama. Akaniangalia.

"Mjomba. Alipaliwa?"

"Alipaliwa."

"Uliona kwa macho yako, siyo hadithi?"

"Kwa macho yangu."

Ya tatu aliiuliza kwa sauti ndogo kabisa. "Kokwa ulizirusha saba. Ngapi uliona zimetoka au zimemezwa?"

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, naapa kwa mkate, kama tunavyoapa kwetu. "Sita," nikasema. "Ya saba sikuiona tena."

Sabira alianza kulia. Ayimkan alinitazama tu, na ningependa angenitukana. Aijarkyn alikuwa tayari kwenye simu. Nilimsikia akisema, "Nina shahidi," na muda si muda akaniambia niwashe gari.

Tuliondoka saa mbili. Yeye nyuma na mtoto, Sabira na mtungi wa oksijeni, Ayimkan mbele kando yangu. Barabara ilikuwa tope. Pale penye kivuko mto ulikuwa umejaa. Maji yalifika katikati ya magurudumu, siyo zaidi. Nilivuka kwa gia ya kwanza, polepole, wala injini haikuzima. Nimeshasimulia mto ule mara mia, na maji hayajawahi kushuka chini ya vioo. Leo nilishukuru kila upana wa kidole ambao maji hayakuupanda.

Kila nilipoangalia kioo, Aijarkyn alikuwa ameweka kiganja kwenye kifua cha Erbol, anahesabu pumzi kwa midomo. Hakuniangalia.

Tulifika saa saba mchana. Wakamchukua mtoto huko huko mlangoni. Tulikaa kwenye benchi, Sabira, Ayimkan na mimi, na Ayimkan aliacha nafasi ya watu wawili kati yetu. Aijarkyn alisimama ukutani. Mimi hujua hadithi ya kila benchi. Ya hili sikuwa nayo.

Saa tisa kasorobo yule daktari mkubwa akatoka, kofia mkononi. Ameshika kipande cha shashi. Ndani yake kuna kipande cha kokwa, nusu ya ukucha wa kidole kidogo, kimevimba, kimeota weupe. Akasema kilikuwa kimeziba njia ya pafu la kulia. Kimetoka kizima. Mtoto anapumua mwenyewe.

Sabira aliketi sakafuni pale pale. Ayimkan akashika uso kwa mikono yake miwili myeusi. Daktari mkubwa akamuuliza Aijarkyn, "Wewe ndiye kaimu?" Akasema ndiye. Akamwambia, "Ungengoja zile siku tatu nilizokuambia, tungekuwa tunazungumza mengine." Akampa mkono.

Mpwa wangu alitoka nje, akasimama nyuma ya Mkate asionekane, akalia. Nilimwona. Nikaenda kukagua tairi la mbele, ambalo halikuwa na shida yoyote.

9 Oktoba

Safari: Osh hadi nyumbani. Nilimbeba Aijarkyn peke yake, wengine watabaki na mtoto siku tatu. Tukafika kivukoni. Maji yalikuwa yamepungua.

"Siku tano, Mjomba," akasema.

Nikasema ndiyo, siku tano.

Akaniuliza nini kilinizuia. Nikasema nilisahau. Tukapanda kilima. Akaniuliza tena: ulisahau, au uliogopa? Nikasema niliogopa watu watasema mjomba wa daktari ndiye aliyemdhuru mtoto, wakucheke wewe. Hilo nalo ni kweli, lakini siyo lote. Tulipoanza kuona mabomba ya nyumba zetu, akauliza ya tatu.

"Nilitaka iwe saba kwa saba," nikamwambia.

Alifuta ukungu kwenye dirisha. Kisha akasema, "Asante kwa kunipa daftari." Akasema pia kwamba amenikasirikia, na kwamba ataendelea mpaka theluji. Nikamwambia msimu ni wake.

11 Oktoba

Nimewarudisha. Ayimkan aliposhuka garini alinivuta pembeni.

"Omurzak, nakusikia ukidanganya tangu tuna miaka saba. Siku moja umesema kweli, na mjukuu wangu anapumua. Lakini usizoee, tutashindwa kukutambua."

Nikamwomba msamaha, kwa maneno machache, yote ya kweli. Akasema kwa kokwa amenisamehe, maana mgeni alikuwa wake, desturi ni yao, na yeye ndiye aliyegeukia birika. Kwa siku tano bado, nisimharakishe. Akaondoka. Kisha akarudi akaniwekea mkate mikononi, wa moto, akaenda zake tena bila kuniangalia.

13 Oktoba

Mambo yamegeuka. Akina mama hawangoji kuulizwa. Wanaanzia mlangoni: daktari, huyu Jumatatu alimeza kifungo, huyu kalamba sabuni, huyu babu yake alimlambisha pombe. Raikan anasema hajawahi kusikia ukweli mwingi hivi katika miaka thelathini ya kazi. Ayimkan amepita kambi zote anatangaza kwamba kokwa ya kwanza kuanzia sasa itatwangwa iwe unga, na mgeni atalisha kwa kidole. Mgeni mwingine, akasema.

17 Oktoba

Leo Aijarkyn alikuwa na mapumziko. Sabira kamchukua msituni. Amerudi jioni na gunia lake mwenyewe na mikono myeusi hadi kiwiko. Anasugua na limau. Nimemwambia ajaribu petroli, nayo haisaidii, ila inampa mtu cha kufanya.

22 Oktoba

Theluji ya kwanza, huko juu. Watu wanafunga mahema.

Daktari Cholpon ametuma habari: mapacha. Hatarudi kabla ya majira ya kuchipua, na ofisi ya mkoa imeuliza kijiji kama kaimu abaki. Ayimkan aliitikia kwa niaba ya kijiji kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. "Tairi la akiba limeshika barabara," alisema, "mnalitoa la nini?" Lile neno la tairi nilianza mimi. Watu wanasema alianza yeye. Basi na iwe yeye.

26 Oktoba

Safari: hakuna. Mkate umelala.

Kijiji kimerudi. Asubuhi niliposimama kwenye ngazi za hospitali, moshi ulikuwa unatoka kwenye kila bomba, mbwa wanagombana, jozi zimeanikwa juu ya kila paa. Ayimkan na Sabira walimleta Erbol aangaliwe mara ya mwisho. Amenenepa. Aliponiona alifungua kinywa kama kinda na kungoja. Nilimwonyesha viganja vitupu. Akakasirika, akanirushia kiatu, na hakukosa.

Aijarkyn alimsikiliza, kisha akavua kile chombo na kunivisha mimi. Theluji imeshaanguka, nikakumbuka.

Niliweka kushoto. Wenye nyumba wapo. Niliweka kulia, nikafumba macho. Nilikaa hivyo muda mrefu, mpaka Ayimkan akauliza kama nimelala au nimekufa. Nikasikiliza tena. Nikasikiliza mara ya tatu.

Wamerudi. Wamerudi wote.